Kitufe cha nne cha Fundi Sikio

Saa tatu asubuhi. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mwanamke mwenye miwani anatundika shuka kwenye kamba iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma ya shuka kuna meza, na juu ya meza kuna nafasi ya amplifaya mbili za gitaa. Mbele ya shuka kuna kiti kimoja kilichogeuzwa kuutazama ukuta, ili atakayekikalia aligeuzie shuka mgongo.

Amplifaya iliyopo mezani ni moja tu. Ya pili inasubiriwa, pamoja na mwenyewe.

"Atakuja," anasema mwanamke huku akinyoosha pindo la shuka.

"Dada, hatakuja," anajibu mdogo wake, ambaye amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akikaza nyuzi za gitaa. "Yule mzee akinuna hununa mpaka viatu."

Mwenye karakana hii ni mume wa mwanamke huyo. Ana miaka hamsini na minne, mrefu, mabega yameinama kwa kazi ya mezani, na anafuta meza aliyokwisha kuifuta mara tatu tangu asubuhi. Mtaani wanamwita Fundi Sikio. Kwa miezi minne sasa jina hilo linambana kama kiatu cha kuazima.

Anayesubiriwa ni mpiga gitaa wa miaka sitini na saba, maarufu kwa jina la Mzee Suti kwa sababu hajawahi kuonekana bila suti na tai, hata siku ya kuja kununua uzi mmoja wa gitaa. Hajakanyaga hapa tangu siku alipoondoka amebeba amplifaya yake mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Akija leo, Fundi atajua kama bado ana mteja na rafiki. Zaidi ya hapo, atajua kama bado ana masikio. Na fundi wa amplifaya asiye na masikio, kwa maneno yake mwenyewe, ni seremala wa masanduku yenye taa.

Kwa asiyejua, gitaa la umeme bila amplifaya hulia kama kuku anayeparua mchanga. Amplifaya ndiyo inayochukua mlio huo mdogo, ikaukuza na kuutoa kwenye spika. Siku hizi zinauzwa madukani, nyepesi na rahisi. Fundi Sikio hutengeneza za aina nyingine, moja moja, kwa mkono, kwa kutumia valvu, zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Masanduku huyachonga kutokana na mbao za madawati mabovu ya shule, na ukichungulia ndani ya baadhi yake utakuta hesabu za kugawanya na majina ya wanafunzi ambao sasa ni watu wazima.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio. Amplifaya alianza miaka kumi na moja iliyopita, na mpaka sasa ametoa arobaini na moja. Kwa mwaka hutoa nne, mwaka mzuri tano. Kwa hesabu ya mkewe, ambaye ni karani wa zahanati na hana utani na hesabu, theluthi moja tu ya kipato chao hutoka huko. Redio, pasi na feni ndizo zinazolipa kodi ya nyumba.

Kwa nini basi ang'ang'anie? Fundi anafikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Mtu anakuja hapa anataka sauti aliyoisikia siku moja, mahali fulani, akiwa na furaha," anasema. "Wimbo wenyewe kausahau. Anakumbuka alivyojisikia. Ananiambia, fundi, nitengenezee ile. Sasa ile ni ipi? Ndiyo kazi hiyo."

Katika kuitafuta ile, kwa miaka yote alitegemea watu wawili. Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni shemeji yake, huyo aliyekaa kwenye ndoo, ambaye hupiga gitaa kwenye bendi ya hoteli na, kwa maneno ya Fundi, ana vidole vya dhahabu na mdomo wa debe. Kila amplifaya ilipokamilika walifunga mlango, shemeji akapiga, Fundi akazungusha vitufe, na waliyoyasikia yakaandikwa kwenye daftari lenye jalada gumu. Ukurasa mmoja kwa kila amplifaya.

Vitufe hivyo vya kuzungusha ni vinne. Cha kwanza ni cha sauti, cha pili besi, cha tatu ukali. Cha nne hakina jina, kina nukta tu. Kazi yake ni kulainisha mlio, kuupunguzia makali bila kuufanya uwe mzito. Fundi anasema alikosa neno la kukiita, akaona nukta itatosha mpaka neno lipatikane.

Neno lilipatikana kwa Mzee Suti.

Miaka tisa iliyopita alinunua amplifaya namba kumi na moja, na kabla mwezi haujaisha alirudi kushukuru. Alisema kile kitufe cha nukta ni kitufe cha utamu. Vitufe hivi husomwa kama uso wa saa, na chake alikiweka saa nane. Akaomba rangi ya kucha ya mkewe, akatia alama nyekundu mahali hapo. Tangu hapo, iwe harusi, hoteli au sherehe ya mtu kustaafu, kabla ya kugusa uzi alikuwa akiinama, akikizungusha kitufe kutoka chini mpaka kwenye alama nyekundu, ndipo anaanza. Vijana waliotaka kujua siri ya mlio wake aliwaambia ni hicho. Na mtu mwingine yeyote alikatazwa kukigusa.

"Alikuwa anasema, mke wa mtu na kitufe changu, vyote viwili sumu," anasimulia shemeji, na hapo hata dada yake anacheka.

Miezi minne iliyopita namba kumi na moja ililetwa karakana. Fyuzi ilikuwa imeungua, kazi ya dakika tano. Lakini Fundi ni mtu wa kupitisha macho. Akafungua kifuniko chote, akashika kurunzi, akaanza kukagua. Chini ya ubao wa saketi akaona waya mweupe umelala.

Alifuata waya huo mpaka ulikotoka. Ulitoka kwenye kitufe cha nne. Ulipaswa kufika kwenye ubao na kulehemiwa hapo, lakini haukufika. Ulikuwa umekunjwa vizuri na kusahaulika.

"Ncha yake ilikuwa inang'aa," anasema Fundi. "Shaba mpya kabisa. Haijawahi kuguswa na risasi ya kulehemia hata siku moja. Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka."

Kitufe cha utamu hakikuwa kimeungwa na kitu chochote. Kwa miaka tisa Mzee Suti alikuwa akizungusha hewa.

Kusahau waya kunaweza kumtokea fundi yeyote. Kilichomkosesha Fundi usingizi ni daftari. Alilifungua ukurasa wa kumi na moja, nao bado upo, na mwandishi wa makala haya ameusoma kwa macho yake. Kwa mwandiko wa Fundi umeandikwa hivi: "Kitufe cha nne: kwenye saa nane sauti inafunguka. Utamu umezidi. Shemeji ameafiki."

Yaani walikisikia. Watu wawili wenye miaka mingi ya kazi walifunga mlango, wakasikiliza kwa makini kitu ambacho hakikuwepo, wakakipenda, wakakiandika.

"Sasa niambie," anasema Fundi. "Kama hapo nilisikia kitu ambacho hakipo, na kurasa nyingine arobaini je? Mimi watu wananilipa kwa sababu ya kusikia."

Yalifuata majuma matatu mabaya. Amplifaya namba arobaini na mbili, iliyokuwa imebakiza marekebisho ya mwisho, ilifunikwa gunia. Kila Fundi alipozungusha kitufe na kusikia mabadiliko alijiuliza kama ameyasikia au ameyatamani. Mkewe anasema mambo yalifika mbali.

"Alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akaniuliza kama ina sukari," anasema. "Nikajua mume wangu anaumwa."

Shemeji alikuwa na dawa fupi. Alimwambia alehemu waya, afunge kifuniko, anyamaze. Mzee hatajua.

Ushauri huo ulionekana wa busara mpaka Fundi alipoutazama vizuri. Akiunganisha kitufe, kitaanza kufanya kazi kweli, na sauti aliyoipenda Mzee kwa miaka tisa itabadilika. Mzee akilisikia badiliko hilo, Fundi atakuwa amemharibia sauti yake kwa siri. Na asipolisikia, basi hakuna anayesikia chochote, na kazi yote ya utafutaji wa sauti ni mchezo wa watoto. Alitazama pande zote mbili, hakuona pa kutokea.

Mkewe hakuwa na maneno mengi. Alimwambia njia ya mwongo ni fupi, na kwamba Mzee Suti ni mtu wa kuambiwa uso kwa uso, si wa kusikia kwa watu.

Basi akamwambia. Siku Mzee alipokuja kuchukua amplifaya yake, amevaa suti ya kijivu na tai yenye mistari, Fundi alimwamkia, akamkalisha, akamsogezea sanduku likiwa wazi.

"Mzee wangu, kitufe chako cha nne hakijaunganishwa. Hakijawahi kuunganishwa. Kosa ni langu."

Mzee alitoa miwani mfukoni, akaifuta, akaivaa, akainama kuutazama ule waya mweupe kwa muda mrefu.

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa."

"Na siku ya kwanza wewe mwenyewe ulikisikia. Ulinionyesha daftari."

"Nilikisikia."

"Basi ama wewe ni mwongo, ama mimi ni mjinga," alisema Mzee. "Chagua."

Fundi aliokota bisibisi mezani. Alipojaribu kuuliza kama aunganishe, Mzee alikwisha kurudisha kifuniko mwenyewe. Amplifaya ina uzito wa kilo kumi na tisa. Aliinyanyua peke yake, akiwa na suti yake, akaipitisha mlangoni kwa ubavu, akakataa mkono wa Fundi. Uani alisimama kidogo kupumua.

"Nimewaambia watu, Fundi," alisema bila kugeuka. "Nimewaambia watu wengi sana."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyozungumza.

Wazo la shuka ni la mke wa Fundi, nalo limetoka zahanati. Huko wana ubao wa herufi wa kupimia macho, na kwa miaka mingi ubao huo ulikuwa ukitazamana na benchi la wagonjwa. Watu wakisubiri zamu walikuwa wakizikariri herufi bila hata kujua. Wakifika kupimwa walisoma mpaka mstari wa chini kabisa, wakarudi nyumbani kujikwaa kwenye ngazi.

"Hawakuwa waongo," anasema. "Kila mmoja angeapa kwamba anaziona. Tukageuza ubao, ndipo tukajua nani anaona na nani anakumbuka. Nikamwambia mume wangu, na masikio yenu tuyageuzie ubao."

Alitundika shuka kuukuu la kitandani. Akajipa kazi ya kubadilisha vitu nyuma yake kwa kurusha sarafu, na kuandika kila badiliko kabla mtu hajafungua mdomo. Fundi na shemeji walikaa upande wa pili wakiutazama ukuta. Wakati mwingine mama karani hubadilisha kifaa. Wakati mwingine hugusagusa tu mezani, akajifanya amebadilisha, kumbe hakuna kilichoguswa.

Matokeo ya majuma ya mwanzo yalikuwa machungu. Kulikuwa na kapasita fulani, vifaa vidogo vinavyochuja umeme, ambazo Fundi alikuwa akiziagiza kutoka mbali kwa gharama akiamini zina mlio mtamu kuliko za dukani. Kati ya mara thelathini walizitambua mara kumi na sita. "Ningeiachia sarafu iseme peke yake, ingepata kumi na tano," anasema Fundi. Ameacha kuziagiza.

Lakini zile mara ambazo hakuna kilichobadilishwa ndizo zilizomfundisha zaidi. Wakipigiwa kitu kilekile mara mbili, shemeji alisifu cha pili mara nane kati ya kumi. Fundi alisifu cha pili mara tisa. Cha pili kilikuwa kitamu zaidi, kipana zaidi, kimefunguka, ilhali ni kilekile.

"Mara ya kwanza sikio linashtuka tu," anasema sasa. "Linatulia mara ya pili. Ile siku ya namba kumi na moja tulisikiliza, nikazungusha kitufe, tukasikiliza tena. Tukakipa kitufe sifa ambayo ilikuwa yetu."

Hata hivyo shuka halikumnyang'anya kila kitu. Walipobadilishiwa spika walipatia mara ishirini na tisa kati ya thelathini. Walipobadilishiwa transfoma walipatia ishirini na sita. Shemeji, ambaye mdomo wake wa debe huficha mtu mwenye huruma, ndiye aliyemkumbusha siku hiyo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Gunia likaondolewa juu ya namba arobaini na mbili.

Vilevile Fundi alianza safari ya kuwatembelea wateja wote, akiwa na baiskeli na mita ya kupimia umeme, ili ajue kama kuna waya mwingine alioulaza bila kuuunga. Mpaka sasa amekagua kumi na tisa. Zote kitufe cha nne kimeunganishwa, kinafanya kazi barabara, na kati ya wenye nazo hakuna hata mmoja aliyewahi kukisifu. Wawili hawakujua kinafanya nini. Mmoja alikuwa anatundikia funguo.

Aliyekisifu ni Mzee Suti peke yake, ambaye chake hakikuwa kimeungwa.

Juma lililopita Fundi alimpelekea ujumbe kwa mkono wa shemeji. Alimwomba aje Jumamosi na namba kumi na moja, akae mbele ya shuka na kusikiliza, yake dhidi ya namba arobaini na mbili. Mzee alisoma karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni.

Saa nne kasorobo lango la nje linalia.

Anaingia kwanza kijana wa mkokoteni, ameweka sanduku begani, anaomba maji, analipwa, anaondoka. Nyuma yake anaingia Mzee Suti. Suti ni nyeusi, tai ni ya rangi ya zambarau, na mkononi ana gitaa lake ndani ya mfuko. Anaitikia salamu za wote, ya Fundi kwa sauti ya chini kidogo kuliko nyingine.

Fundi anaipokea amplifaya na kuiweka mezani. Anatazama uso wa sanduku, palipo na vitufe. Kitufe cha nne hakipo. Kimebaki kijiti cha chuma kitupu, na pembeni yake ile alama nyekundu ya rangi ya kucha.

Fundi anaunganisha nyaya, anakabidhi kila kitu kwa mkewe, na kisha anatoka. Ni sharti alilojiwekea mwenyewe, kwa sababu uso wake husema. Anasimama kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba, mlango ukiwa umerudishwa nusu, na shemeji anatolewa naye kwa sababu mdomo wake husema zaidi.

Mzee anakaa kwenye kiti, anatazama ukuta, gitaa mapajani. Ukutani hakuna kitu ila msumari mmoja, na anautazama msumari huo kana kwamba unamdai. Nyuma ya shuka sarafu inaanguka. Kalamu inaandika.

Mzee anapiga nyuzi chache polepole, kipande kilekile cha mpigo wa harusi, kinachopanda, kikasita, kikashuka. Anapiga mara mbili. Anasubiri.

"Hii si yangu," anasema.

Sarafu inaanguka tena. Anapiga mara mbili tena.

"Hii ndiyo."

Wanafanya hivyo mara sita. Mara ya nne anachelewa sana. Anarudia kipande kile, anainamisha kichwa, anakirudia mara nyingine, na jasho linamtoka kwenye kola. Wote tuliomo chumbani tunaelewa kwamba huyu si mtu anayecheza bahati nasibu. Ni mtu aliyeambiwa kwamba kwa miaka tisa alijidanganya, na sasa anatafuta ni kiasi gani.

"Yangu," anasema mwishowe.

Baada ya mara ya sita mama karani anatoka nyuma ya shuka na daftari lake. Anawaita wa nje waingie. Anarekebisha miwani na kusoma kwa sauti ileile anayoitumia kuita majina ya wagonjwa: ya kwanza, kweli. Ya pili, kweli. Ya tatu, ya nne, ya tano, kweli. Ya sita, kweli.

"Sita kwa sita," anasema, na kufunga daftari.

Mzee hatabasamu. Anatoa leso, anajifuta shingo, anakunja leso mara nne na kuirudisha mfukoni. Macho yake yana maji, na hajisumbui kuyaficha.

Hapo Fundi anafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, hata mkewe. Kutoka mfuko wa shati anatoa kipande cha karatasi. Kule nje alikuwa akisikiliza na kuandika makisio yake mwenyewe kabla Mzee hajatamka yake, bila kumwambia mtu. Anampa mkewe.

Mama karani analinganisha. "Tano," anasema. "Ya nne umekosa."

"Afadhali umekosa moja," anasema shemeji. "Ungepata zote tusingekaa na wewe nyumba hii."

Fundi anakaa kwenye ndoo. Anacheka kidogo, kisha anafunika uso kwa viganja. Tano kati ya sita, kupitia mlango uliorudishwa nusu, akiwa ukumbini. Sauti zile zilikuwa mbili kweli. Yeye ndiye aliyezitengeneza, na kuna mtu mwingine duniani anayezijua.

Chai inaletwa. Ni wakati wa chai ndipo Mzee Suti anapokubali kueleza miezi yake minne. Anasema siku ileile aliyotoka hapa alikuwa na harusi jioni. Kwa hasira alikichomoa kitufe cha nne kabla ya kwenda. Akapiga vibaya, vibaya kupita siku yoyote anayoikumbuka, mpaka mpiga ngoma akamuuliza kama ana homa. Juma la pili vibaya. La tatu vivyo hivyo.

"Nikaanza kujichunguza," anasema. "Zamani nilikuwa nainama, nakigusa, nakizungusha taratibu, nangoja kitulie. Pale nilikuwa kimya. Nasikia viti, nasikia watu, nasikia ukumbi ni mkubwa au mdogo. Kikishaondoka nikawa naingia wimboni kama mtu anayefukuzwa."

Anakunywa chai, anaweka kikombe.

"Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimewaambia watu," anaongeza. "Si kwa sababu ya sauti. Sauti ilikuwa nzuri. Hilo nilikuwa nalijua, nikawa nataka mtu mwingine aniambie."

Kisha anamgeukia Fundi na kumwomba msamaha kwa yale maneno ya mwongo na mjinga. Fundi anamwambia kila mmoja wao alistahili nusu.

Namba arobaini na mbili itachukuliwa mwisho wa mwezi na mteja wake, mwalimu wa shule anayepiga gitaa likizo. Fundi amekwisha kuamua kwamba kuanzia hiyo, hakuna amplifaya itakayotoka chumba hiki bila kupita kwenye shuka, na kwamba kila mteja atakaa kwenye kile kiti mwenyewe kabla ya kununua. Akishindwa kuitofautisha na ya dukani, Fundi atamshauri akanunue ya dukani. Mkewe ameuliza watakula nini. Fundi amejibu kwamba pasi za watu hazijaacha kuungua. Na Jumatatu baiskeli inatoka tena, kwa ajili ya amplifaya ishirini na moja ambazo bado hajazikagua.

Mzee Suti anaagana na mama karani, anarekebisha tai, anatia gitaa lake kwenye mfuko. Halafu anatumbukiza mkono katika mfuko wa koti na kuweka kitu mezani, mbele ya Fundi. Ni kitufe kidogo cheusi, kimechakaa ukingoni kwa miaka tisa ya kidole gumba.

"Nirudishie mahali pake," anasema.

Fundi anakichukua. Anakigeuza kiganjani. Anafungua droo, anatoa bisibisi ndogo, na baada ya kufikiri anatoa pia chuma cha kulehemu.

"Niunganishe na waya?"

Mzee anamtazama mtu anayemtengenezea sauti, anatazama kile chuma, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

"Fundi, nimesema rudisha," anasema. "Sijasema unganisha."